Barua ya Kuomba Uchafu

Mambo yaliharibika mardi, yaani jumanne, tarehe kumi na saba mwezi wa tisa, mwaka 2024, saa nne ya asubuhi, na aliyeyaharibu alikuwa anapiga mluzi. Muzee Syauswa alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, hapa Butembo, mikono imezama ndani ya beseni ya chlore mpaka kwenye viwiko, anasugua éponge, sifongo ya aquarium yake ya samaki, kama mtu anayesugua dhambi za ukoo mzima.

Chlore haikosekani kwenye nyumba za huku. Wakati wa Ebola, watu wote wa Butembo na Beni walifundishwa somo moja: kitu kikigusa ugonjwa, chlore. Mikono, chlore. Mlango, chlore. Tairi ya pikipiki, chlore. Somo lile halikumtoka mtu kichwani. Na mwaka huu redio zilipoanza kutangaza ugonjwa mpya wa vipele, ule wa mpox, vindoo vilirudi milangoni kabla mtu hajaamriwa.

Kwa hiyo samaki watano wa Syauswa walipotoka vipele vyeupe mgongoni, na majirani wakaanza kuvuka barabara kila wakifika mbele ya ua wake, yeye hakuuliza mtu. Alinunua dawa ya buluu kwenye famasi, akawatibu siku saba, vipele vikaisha. Kisha, kwa kuwa mgonjwa akipona kitanda chake kinaoshwa, aliosha kila kitu. Kioo, chlore. Mawe, chlore. Na ile éponge ya mashini ya kuchuja maji, iliyokuwa nyeusi, yenye utelezi, inanuka kama mfereji, aliikamua mara nane mpaka ikarudi kuwa ya njano kama siku iliyotoka China. Akasuuza yote, akajaza maji mapya, akarudisha samaki. Maji yalikuwa safi mpaka ungedhani samaki wanaelea hewani.

"Muone," aliwaambia samaki. "Kama bakubwa bangeosha muji hivi, tungekuwa mbali."

Siku ya tatu, vendredi, Gouverneur alikufa.

Aquarium ile ilikuwa ya Anne-Marie, bibi yake Syauswa, mke wa ndoa. Anne-Marie alikuwa mfanyabiashara wa vyombo, alikuwa anaenda Dubai na Guangzhou kama wengine wanavyoenda kuuza mihogo Kalunguta. Mwaka mmoja, kati ya masufuria na beseni za plastiki, kilitoka kisanduku kikubwa cha kioo. Mtaa mzima ulicheka. Huku samaki makao yake ni sahani.

"Maji ya kunywa inatushinda, wee unajengea samaki nyumba?" Syauswa alimwuliza.

"Nataka kuona kitu kimoja ndani ya hii nyumba chenye hakilalamike," Anne-Marie alijibu.

Samaki wekundu watano walikuja kutoka Kampala ndani ya mfuko wa maji. Wanne Syauswa aliwapa majina ya wakubwa wa Serikali: Gouverneur, Ministre, Député na Maire. Alisema wanafungua kinywa siku nzima na hakuna neno linalotoka, lakini wakiona mkono wenye chakula, wote wanakimbilia juu. Wa tano alikuwa mdogo, mwenye mkia uliochanika. Huyo Anne-Marie alimchukua mwenyewe, akamwita Dubai. Mwaka 2022 Anne-Marie alikufa ndani ya gari, kwenye barabara ya Beni, akipelekwa kwa daktari. Tangu hapo Syauswa alimsalimia Dubai asubuhi na jioni, na wale wanne aliwatukana.

Sasa Gouverneur alikufa vendredi. Samedi akafuata Ministre. Dimanche asubuhi, Député na Maire walikutwa wanaelea tumbo juu, bega kwa bega, kama watu waliofia kwenye mkutano mmoja.

Falonne, binti yake wa mwisho, alipitia pale akitoka misa ya kwanza. Falonne anafundisha biologie kwenye shule moja ya mtaa. Aliangalia maji, akanusa, akainua éponge ya njano kwa vidole viwili.

"Papa, nani alikuambia kuosha hii?"

"Nani alinambia! Ilikuwa chafu."

"Uliosha na chlore?"

"Sasa ningeosha na maji ya baraka?"

Falonne alikaa kwenye kiti polepole. "Papa, ule uchafu njo ulikuwa nakamata kazi yote. Mule mulikuwa bakteria, bale ba muzuri. Samaki anakojoa ndani ya maji, ile mukojo inakuwa sumu, bakteria banaikula, banaigeuza, maji inabaki muzuri. Dawa ya buluu ilibapunguza, na wee ukabamaliza na chlore. Basi samaki banakunywa mukojo yabo."

"Bakteria ba muzuri?"

"Ndiyo."

"Falonne. Batu ba mishahara balikuja hapa na magari makubwa kutufundisha kama kila kintu kidogo chenye hakionekane kinaua. Leo biko na ya muzuri? Ju ya nini habakusema?"

"Mais Papa, Ebola haiko bakteria. Ni virus."

"Unaona? Ata ile habakusema."

Syauswa alikuwa anaangalia beseni lenye maiti wanne wa heshima, na kichwani mwake jambo lilikuwa linajipanga.

"Donc," alisema, "mulikuwa batu ba chini kabisa. Hakuna mutu anabaona, hakuna mutu anabalipa. Banakula mavi ya bakubwa kusudi bakubwa baogelee muzuri."

"Papa, ni bakteria."

"Na siku balikufa, Gouverneur akafuata siku ya tatu."

"Ni bakteria tu, Papa."

"Ni siye," Syauswa alisema, akavua kofia.

Alibaki Dubai. Alikuwa amelala chini kwenye kona, mbavu zinapiga mbiombio. Falonne alieleza dawa: kila siku kupunguza maji kidogo na kuweka mengine, yaliyolala kwanza ndani ya beseni ili chlore itoke. Lakini ile ilikuwa kumshikilia tu. Bakteria wenyewe wangerudi polepole, mwezi mzima au zaidi, na Dubai hakuwa na mwezi. Njia fupi ilikuwa moja: kupata kipande cha éponge ya zamani, chafu, kutoka aquarium nyingine iliyo hai.

"Butembo sijaona," Falonne alisema. "Mais kwa Beni iko moja, ku bureau ya samaki. Nilifikaka kule na banafunzi."

"Bureau," Syauswa alisema, kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali. Alikuwa ameapa kutoingia tena ofisi ya Serikali mpaka siku ya kuandikisha kifo chake, na hata siku ile awatume wengine.

Lakini vitenge vya Anne-Marie vilishagawanywa kwa dada zake. Duka lilichukuliwa na mwingine. Ndani ya nyumba ile, vitu vyenye pumzi vilivyowahi kulishwa kwa mkono wa Anne-Marie vilibaki viwili, Dubai na Syauswa, na wa pili hakujihesabia sana.

"Éponge ibaki ndani ya maji yake, Papa," Falonne alimwagiza. "Isikauke. Isiguse chlore ata tone. Kila nusu saa ufungue kifuniko, bapate hewa. Na ufike siku ile ile, ju bakilala njiani, balishakufa."

Kesho yake, lundi alfajiri, Syauswa alipanda moto, ile pikipiki ya Phinées, jirani yake, mtu anayeendesha vizuri na kusema kupita kiasi. Saa tatu walikuwa Beni.

Mkubwa wa bureau ya samaki aliitwa Kalala, mtu wa Mwene-Ditu, mji wa mbali sana na huku. Serikali ilimtuma huku miaka sita iliyopita, halafu ikasahau ilimweka wapi. Alikuwa amevaa koti na kravati, peke yake, kwenye chumba chenye meza mbili. Nyuma yake ilikuwa aquarium, kijani kama sufuria ya sombe, majani ya mihogo. Ukitazama sana, ungeona vivuli viwili vinapita.

"Chef," Syauswa alisema kabla ya salamu kwisha, "hii kintu hamuioshake?"

"Tangu nifike, hapana. Crédit, feza ya kuosha, haiyatoka Kinshasa."

Syauswa alifungua kinywa kuitukana Serikali, kama kawaida yake, halafu akakifunga. Kwa mara ya kwanza maishani, uvivu wa Serikali ulikuwa umemfaa. Nusura machozi yamlenge. Alieleza yote: vipele, dawa ya buluu, chlore, vifo vinne, Dubai. Mwisho akaomba nusu éponge.

"Non, non, Papa," Kalala alisema. "Ile éponge ni mali ya État, ya Serikali."

"Siombe éponge, Chef. Naomba uchafu wake."

"Uchafu uko ndani ya éponge. Éponge iko ndani ya aquarium. Aquarium iko na numéro." Na kweli ilikuwa na namba, imepakwa rangi nyeupe kwenye kioo. "Uandike demande, barua ya kuomba. Kisha tutaona."

Hapo ndipo safari ilipata mlima. Syauswa aliachia shule mwaka wa nne wa primaire. Alipewa karatasi na bic, akakaa kwenye meza ya pili, akaandika nusu saa nzima, ulimi nje, huku Phinées anachungulia dirishani na kumsaidia vibaya. Barua ilitoka hivi:

"Kwa Bwana Chef. Objet: kuomba uchafu. Mimi Syauswa, mujane, naomba uchafu ya Serikali, nusu tu, ju ya samaki ya marehemu bibi yangu. Uchafu ya kwangu niliimaliza mimi mwenyewe. Najua kwenu iko mingi. Aksanti."

Kalala aliisoma mara mbili. Mara ya pili alivua miwani.

"Madame alikufa lini?"

"2022."

"Wa kwangu iko Mwene-Ditu. Miaka sita namuona ku téléphone." Aligeuka akaangalia vivuli vyake viwili ndani ya kijani. "Hawa nabasemesha Tshiluba ya kwetu. Siku ingine unaona kabisa banaitika."

"Wa kwangu anaelewa Kinande," Syauswa alisema.

Baada ya hapo hawakubishana tena. Kalala alikunja mkono wa koti, akatoa éponge ile, nyeusi, inadondosha ute, akaikata katikati kwa wembe, taratibu kama mtu anayegawa ini. Nusu moja akairudisha, nusu nyingine akaiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, pamoja na maji ya kijani. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa Serikali na alitaka kufanya wema mpaka mwisho, akachukua karatasi yenye kichwa, akaandika, akapiga muhuri mara mbili.

"Bila papier hautapita," alisema. "Soma."

Iliandikwa: AUTORISATION. Mwenye kubeba: Syauswa. Muzigo: bactéries vivantes. Quantité: mingi.

Syauswa aliikunja akaiweka mfukoni kwenye moyo. Maisha yake yote, karatasi yenye muhuri ilikuwa ya kumnyang'anya kitu. Hii ilikuwa ya kwanza kumpa.

Waliondoka. Kila nusu saa Phinées alisimama, Syauswa akafungua kifuniko, akapepea kwa kofia.

"Papa, uko nabeba ndoo ao mutoto?"

"Angalia barabara."

"Baseme basi kama biko na njaa, tubanunulie ndizi."

Upande wa Kalunguta walikuta barrière. Kamba imekatiza barabara, askari, soldat mmoja, ameishika, pembeni meza ya infirmière, muuguzi mwenye thermomètre na pompe ya chlore mgongoni. Moto ishirini zilikuwa zinangoja, na Fuso moja ya mbao yenye watu juu. Syauswa aliijua kamba ile. Kila alipopita pale aliangalia upande mwingine. Leo alikuwa na karatasi, akatembea kichwa juu, akampa infirmière, aliyekuwa na jina la Germaine kwenye kizibao.

Germaine alisoma. Akasoma tena. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Papa, huku baliandika bactéries."

"Ndiyo, mama."

"Vivantes."

"Ziko hai kabisa. Nabafungulia hewa kila nusu saa."

"Ya ugonjwa gani?"

Syauswa hakuwa mtu wa kudanganya. Uongo aliwaachia wenye mishahara. "Ya samaki. Alitoka vipele mwili muzima."

Neno vipele lilipita kwenye foleni haraka kuliko moto yoyote. Watu walianza kushuka kutoka Fuso kwa upande ule usio na ngazi. Mama mmoja alifunika kuku wake kwa kitenge. Phinées alisogeza moto yake mbali, akasimama kama mtu ambaye hajui Syauswa ni nani wala alifikaje pale.

Germaine alikamata mpira wa pompe. "Papa, weka ndoo chini. Nitapiga chlore kidogo tu, kisha utapita."

"Hapana kuweka chlore!"

"Ni règlement, sheria ya hapa."

Syauswa aliweka ndoo chini, akaikalia. Alikunja mikono kifuani. "Anza na mimi. Ukinimaliza, utafika ku bakteria."

"Vieux, télema!" soldat alipaza sauti, kumwambia mzee asimame. Lakini alipaza akiwa amesimama mbali, mwisho kabisa wa kamba yake.

"Sisimame. Chlore ilishaniulia samaki ine ndani ya siku tatu. Bakubwa bote! Kumebaki moja, wa bibi yangu. Njoo uninyanyue wee mwenyewe."

Soldat alimtazama Germaine. "Madame, mumunyanyue."

"Mimi? Kunyanyua njo kazi yenu. Mimi ni ya thermomètre."

"Mimi ni ya kamba."

"Basi mupige chlore toka kule kwenu!"

"Na kama inaruka, inanirukia?"

Kila mmoja alikuwa amefika mwisho wa kazi yake, na ndoo ilikuwa katikati, na juu ya ndoo Syauswa, kofia imekaa sawa. Hapo kifuniko kilitoa pumzi ndogo: pfff.

"Apite!" Germaine alisema.

"Kamba juu!" soldat alijiamuru mwenyewe, akainyanyua mikono miwili, akageuza uso. "Pita, vieux! Pita mbio! Noki, noki!"

Syauswa alisimama bila haraka, akapangusa suruali, akapita chini ya kamba na ndoo yake, na Phinées nyuma, akisukuma moto na kuomba radhi kwa watu wote. Phinées aliangalia saa ya simu. Tangu karatasi itolewe mpaka kamba kunyanyuliwa, zilipita dakika mbili.

Njia iliyobaki Syauswa aligeuka mara kwa mara kuangalia kule kwenye kamba. Phinées alifikiri ni hasira, akaimba.

Jioni ile nusu éponge iliingia kwenye mashini. Falonne alizima taa, akamkataza baba yake kulisha, kuosha, kugusa na hata kutoa ushauri. Mardi maji yalikuwa meupe kama maji ya mchele. Mercredi vilevile, na Dubai alikuwa amelala ubavu. Syauswa alikokota kiti mbele ya kioo, akamweleza kwa Kinande habari za soldat wa kamba na infirmière wa thermomètre. Jeudi Dubai alisimama wima. Vendredi harufu ya mkojo ilipungua. Na dimanche, Falonne akitoka misa, alimkuta baba yake amepiga magoti, vidole vyenye kipunje cha chakula juu ya maji, na samaki mmoja mwekundu, mkia umechanika, anapanda kwa kiburi kama mtu aliyechelewa makusudi. Akala. Akarudi kudai.

"Balikubali," Syauswa alisema. "Balikamata kazi."

"Balikamata, Papa. Siku ingine ukiosha éponge, ni ndani ya maji ile ile ya aquarium. Pole pole. Hapana chlore."

"Na ibakie chafu?"

"Ibakie chafu kidogo."

"Kumbe siri ni kidogo," alisema. "Bakubwa betu balizidisha tu."

Nafasi za Gouverneur, Ministre, Député na Maire hazikujazwa. Phinées aliuliza kama alete wengine kutoka Kasindi. Syauswa alimwonyesha maji. Je, tangu wakubwa wale wafe, aliona tofauti yoyote?

Lakini dimanche ile ile, Dubai alipokwisha kula, Syauswa alimwomba Falonne karatasi na bic, akaandika barua nyingine. Falonne alisahihisha maneno mawili, halafu akafika kwenye mstari wa mwisho, akaacha kusahihisha. Akatoka nje kuchota maji ambayo hakuna mtu aliyeyahitaji.

Barua ilipelekwa na Phinées mpaka kwenye kamba, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi uliofuata Phinées aliuliza. Walisema bado iko kwa mukubwa. Mwaka ukaisha, mukubwa alibadilishwa, akaja mwingine, naye akapiga muhuri wake pembeni ya ule wa kwanza. Mpaka leo Phinées akipita pale anauliza, na wao wanamwambia kamba imenyanyuliwa, apite. Barua inasema hivi:

"Kwa Bwana Mukubwa wa Barrière. Objet: kamba. Mimi Syauswa, mujane, ule wa ndoo. Lundi tarehe 23 mwezi wa tisa nilifika kwenu na bakteria, mukanyanyua kamba ndani ya dakika mbili. Aksanti kwa ile. Tarehe 4 mwezi wa tano 2022 nilifika ku kamba ile ile na bibi yangu Anne-Marie, mugonjwa, ndani ya gari. Nilisema niko na mugonjwa. Gari ilikosa papier moja, tukakaa toka saa tatu mpaka saa saba. Silalamike, bibi yangu hakupendaka malalamiko. Niko nauliza tu. Ile siku, ningesema nimebeba nini?"